Sura ya Tano: Yatima Aliyetumwa Maui

Aprili 1854, kwenye mkutano mkuu wa Kanisa la Wamormoni mjini Salt Lake City, yalisomwa mbele ya waumini majina ya wanaume waliotakiwa kwenda misheni. Mambo yalikwenda hivyo siku hizo: mtu aliweza kutoka nyumbani asubuhi akiwa mkulima, akarudi jioni akijua kwamba anatakiwa kuuza ng'ombe na kwenda nchi asiyoijua. Wengi walioitwa walikuwa watu wazima wenye wake na watoto. Katikati ya majina hayo lilisikika la Joseph F. Smith, mvulana wa miaka 15 asiye na baba wala mama, aliyekuwa ameachana na shule baada ya kugombana na mwalimu.

Ugomvi wenyewe aliusimulia uzeeni bila kuficha. Mwalimu alitoa mkanda wa ngozi ili amchape Martha Ann, mdogo wake wa kike. Joseph akamkataza. Mwalimu akamgeukia yeye, na kijana akamtwanga mwalimu wake mbele ya darasa zima. Masomo yakaishia hapo.

Hasira ile ilikuwa na chimbuko. Baba yake, Hyrum, alikuwa kaka wa Joseph Smith, mwanzilishi wa dini ambayo watu waliizoea kwa jina la Umormoni, na ambayo yenyewe hujiita Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Tarehe 27 Juni 1844 kundi la watu wenye silaha lilivamia gereza la Carthage, jimboni Illinois, likawaua ndugu wote wawili. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Miaka minne baadaye mama yake, Mary Fielding, alivuka mbuga za Marekani kwa mikokoteni pamoja na wakimbizi wenzake wa dini, na mwanawe wa miaka tisa akiwa mmoja wa waswaga maksai. Walifika bonde la Salt Lake Septemba 1848. Septemba 1852 mama naye akafariki. Kwa hiyo jina lile liliposomwa, lilikuwa la mtoto aliyezika kila aliyemtegemea, akabakiwa na kaka na dada zake na ngumi zake. Sidhani kwamba waliomwita walikuwa wamevutiwa na uhodari wake wa kuhubiri. Naona walimwogopea.

Alikwenda. Alisafiri na kundi hadi California, akafanya kazi huko ili apate nauli ya meli, na tarehe 27 Septemba 1854 akashuka Honolulu. Akapangiwa kisiwa cha Maui.

Inafaa tuwatazame wenyeji aliowakuta, kwa sababu simulizi nyingi za wamisionari huwapitia wenyeji haraka. Hawaii ya 1854 ilikuwa ufalme wenye katiba, mahakama na shule. Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Boston walikuwa wamefika mwaka 1820, Biblia nzima ilikuwa imechapishwa kwa Kihawaii mwaka 1839, na Wahawaii wengi walijua kusoma na kuandika lugha yao. Lakini walikuwa wanakwisha. Surua na kifaduro viliwapiga mwishoni mwa miaka ya 1840, ndui ikaingia 1853 na kuua maelfu, na sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu wapatao 73,000 tu katika visiwa vyote. Mvulana aliyekatisha shule alikuwa anatumwa kufundisha watu waliosoma, walio katikati ya msiba.

Wamormoni wa kwanza walikuwa wametangulia Desemba 1850, vijana kumi waliotolewa kwenye machimbo ya dhahabu ya California. Walidhani watawahubiria wazungu. Wazungu walikuwa wachache na hawakutaka kusikia, na karibu nusu ya vijana wale wakafunga virago. Aliyebaki na kushinda hoja alikuwa George Q. Cannon, aliyesema kwamba lazima wajifunze Kihawaii na kuishi na Wahawaii. Akakutana huko Wailuku na Jonatana Napela, hakimu msomi wa Maui, ambaye alimpokea nyumbani kwake, akabatizwa Januari 1852, na akakaa naye bega kwa bega katika kutafsiri Kitabu cha Mormoni kwa Kihawaii. Napela ndiye pia aliyejitolea, mwaka 1853, kuwaweka wamisionari wageni mahali pamoja, awalishe na kuwafundisha lugha. Leo Kanisa hilo lina vyuo vya kuwafunza vijana wake lugha kabla ya kwenda kazini, kile kikubwa kikiwa Provo, Utah. Wazo la kuwakalisha darasani kwanza lilijaribiwa Maui na mwenyeji aliyeona kwamba wageni wake hawasikii wanachoambiwa.

Joseph alipelekwa Kula, kwenye miteremko ya mlima Haleakala, sehemu kavu yenye baridi ambako wakulima walilima viazi mviringo na kuviuza kwa mabaharia na kwa wachimba dhahabu wa California. Alifika akaugua. Homa kali ilimlaza kwa muda mrefu, na aliyemtunza alikuwa mama wa Kihawaii ambaye kumbukumbu za Kanisa humwita Ma Mahuhii. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Alimnywesha, akamlisha, akamfuta jasho na kumkesha, mtoto wa watu aliyetokea baharini, wakati ambapo magonjwa yaliyotokea baharini yalikuwa yanawamaliza watu wake mwenyewe. Ningependa kujua majirani zake walimwambia nini. Mama huyo alikuwa na kila sababu ya kuogopa mgonjwa mgeni, akamwingiza ndani.

Waswahili husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Yeye hakumzaa, akachukua kazi.

Kijana aliponyanyuka kitandani, alijifunza lugha kwa njia ambayo walimu wote wa lugha huitamani: alikuwa hana mtu wa kuongea naye kwa lugha nyingine. Kihawaii hufunga kila silabi kwa irabu, kama Kiswahili kifanyavyo mara nyingi, na masikio ya kijana huyanasa hayo upesi. Yeye mwenyewe alisema kwamba baada ya siku mia hivi aliweza kuongea, kufundisha na kusali kwa Kihawaii. Aliamini kwamba Mungu alimpa kipawa hicho. Sina sababu ya kumbishia, ila namkumbuka pia yule mama aliyekuwa akimwambia amka, kunywa, lala, umepona, maneno yaleyale kila siku, kwa mgonjwa asiye na pa kwenda. Vitabu vya sarufi havimpi mtu mwalimu wa namna hiyo.

Akiwa na miaka 16 alikabidhiwa kusimamia matawi ya Kanisa Maui, baadaye Hawaii kisiwa kikubwa, kisha Molokai. Fikiria: wazee wenye mvi wanaleta mashauri yao, nani kamchukulia nani shamba, nani karudia ulevi, mbele ya mvulana ambaye sauti yake ilikuwa haijatulia. Na walimvumilia. Alitembea kwa miguu toka kijiji hadi kijiji, mara nyingi akifuatana na wazee wa Kihawaii. Alilala kwenye nyumba za nyasi, akasumbuliwa na viroboto, akala poi, yaani magimbi yaliyopikwa, yakapondwa na kuachwa yachachuke kidogo, ambayo watu huchota kwa vidole kwenye bakuli moja. Shajara zake za 1856 na 1857 zimechapishwa. Ni maandishi ya kijana: leo ana furaha tele, kesho ana njaa, amewachoka watu, anatamani nyumbani. Shajara za mwanzo hatunazo, kwa sababu moto uliteketeza nyumba ambamo wamisionari walikuwa wameweka masanduku yao, na vitu vyake karibu vyote vikaungua.

Aliandikiana barua na Martha Ann. Barua hizo zilianza 1854, zikaendelea hadi 1916, zaidi ya miaka sitini, na ziko zaidi ya 200. Za mwanzo zimejaa makosa ya tahajia, kwa kuwa mwandishi wake alikuwa amesoma kidogo. Zimejaa pia mahubiri: kaka wa miaka 16 anamwasa mdogo wake awe na adabu, awatii wakubwa, asishike tabia mbaya. Usingeamini ni yuleyule aliyempiga mwalimu. Nadhani hapo ndipo kazi ya misheni inaonekana vizuri kuliko katika hesabu ya waliobatizwa. Kijana anayelazimika kuwaambia wengine kila siku waache hasira hufika mahali anajisikia mwenyewe.

Alirudi Utah mwanzoni mwa 1858, ana miaka 19. Yeye na wamisionari wenzake walikuwa wameitwa nyumbani kwa sababu serikali ya Marekani ilikuwa imetuma jeshi Utah na vita vilinukia.

*

Tangu hapo utaratibu wa misheni umebadilika sana, lakini mifupa yake ni ileile. Leo vijana wa kiume hutumika kwa miezi 24 na wa kike kwa miezi 18. Mwaka 2012 Kanisa lilishusha umri wa kuanza, kutoka 19 hadi 18 kwa wavulana na kutoka 21 hadi 19 kwa wasichana, na idadi ya wasichana wanaokwenda ikaongezeka sana. Mwisho wa 2024 wamisionari walikuwa zaidi ya 70,000 duniani. Hawalipwi mshahara. Wenye uwezo hujilipia wao na familia zao. Wanaotoka nchi maskini huchangia wanachoweza, kinachobaki hutoka kwenye mfuko wa jumla. Hawachagui nchi. Na hawachagui watakayeishi naye.

Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo lisiloonekana na anayewaona wakipita mtaani na tai zao na kibao cheusi kifuani. Injili ya Marko, sura ya 6, inasema Yesu aliwatuma wanafunzi wawili wawili, na Kanisa hili limelichukua neno hilo kama sheria ya kila saa. Mmisionari ana mwenza. Wanaishi nyumba moja, wanalala chumba kimoja, kwa kawaida wanaamka saa kumi na mbili na nusu, wanasoma pamoja, wanatoka pamoja, wanarudi pamoja, wanalala saa nne na nusu usiku. Ukiondoa chooni na bafuni, hakuna mahali ambapo mmoja yuko na mwenzake hayupo. Hawakujuana kabla. Rais wa misheni amewapanga, na baada ya wiki sita, au kumi na mbili, au zaidi, atawapangua na kumpa kila mmoja mwenza mwingine.

Chukua nyumba ya kupanga kule Nairobi, Mwanza au Lubumbashi. Ndani yake yuko kijana wa Idaho na kijana wa Kisumu. Wa Idaho amezoea mashine ya kufulia. Wa Kisumu amefua sare zake mwenyewe tangu shule ya msingi, na Jumatatu ya kwanza, ambayo ndiyo siku yao ya matayarisho, anamfundisha mwenzake namna ya kusugua kola ya shati jeupe bila kuichakaza. Mmoja ameingia na Kiswahili cha darasani, kila kiambishi mahali pake, na hasikii neno mtu wa bodaboda anapomsemesha. Mwingine anasikia kila kitu, lakini akipewa fomu ya Kiingereza anasita. Mmoja huamka akiongea. Mwingine hataki kusemeshwa hadi amekunywa uji. Mmoja anakoroma. Mmoja amepata habari kwamba mchumba wake ameposwa na mtu mwingine, na wa pekee wa kumwambia, nyumba nzima, mtaa mzima, ni huyu mwenzake aliyemjua kwa siku tisa.

Kila wiki hutakiwa kukaa chini na kuambiana ukweli: wewe hunisikilizi tukifundisha, wewe unachelewa, wewe ulinidhalilisha mbele ya yule baba. Kisha wanasali, wanavaa viatu, wanatoka tena pamoja. Hakuna kwenda kulala kwa rafiki mpaka hasira ipoe. Hadi mapema 2019 hata simu ya nyumbani ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama peke yake. Tangu Februari ya mwaka huo wameruhusiwa kuzipigia simu familia zao kila wiki, na nafikiri ni uamuzi wa huruma uliochelewa. Wengi waliomaliza misheni, ukiwauliza walichojifunza, hawaanzi na mafundisho ya dini. Wanaanza na jina la mwenza fulani aliyewatesa, na jinsi walivyokuja kumpenda.

Anayewatazama hawa lazima pia aitazame meza ya mwenyeji. Kanisa lina amri inayoitwa Neno la Hekima: hakuna pombe, hakuna tumbaku, hakuna kahawa, hakuna chai. Mahali pengi hiyo ni amri ya kibinafsi. Kwetu inaingia moja kwa moja kwenye adabu. Mama wa nyumba amewaona vijana wawili mlangoni, jua kali, viatu vimejaa vumbi. Kabla hajauliza wametoka wapi, ameshamtuma mtoto dukani kwa sukari na majani, sufuria iko jikoni, maziwa yanachemka. Chai inafika imejaa kikombe hadi ukingoni, tangawizi inanukia, mkate umepakwa siagi ambayo watoto wa nyumba ile hawaonjeshwi siku za kawaida. Na kijana anatakiwa kusema hapana.

Hapo ndipo mwenza mwenyeji anapookoa kazi. Yule mgeni, kama yuko peke yake, angeanza kueleza amri za kidini, na mama angesikia kwamba chai yake ni najisi. Mwenyeji anasema, shikamoo mama, na tunashukuru sana, ila sisi chai tumekatazwa; kama kuna maziwa ya moto au uji tutafurahi, na hata maji ni baraka. Na anakaa. Anaula ule mkate wote. Anauliza habari za mgonjwa, za mvua, za aliyeko masomoni. Mama ameridhika kwa sababu mkono wake haukurudi mtupu. Mazungumzo ya dini, kama yapo, yatafuata hapo.

Namna ya kufundisha nayo imepita mabadiliko. Mwaka 1961 Kanisa liliweka masomo sita ya aina moja kwa wamisionari wote duniani, na vijana waliyakariri neno kwa neno: wewe unasema hivi, msikilizaji anajibu hivi, wewe unaendelea hivi. Yeyote aliyewahi kufundisha anajua balaa la msikilizaji anayejibu tofauti na kitabu. Mwaka 2004 kilitoka kitabu kipya cha mwongozo, Hubiri Injili Yangu, kinachomtaka kijana aelewe mafundisho na kuyasema kwa maneno yake, kulingana na aliye mbele yake. Ni badiliko kubwa, na kwa Afrika Mashariki lilikuja wakati wake, kwa sababu wasikilizaji wa huku wanaijua Biblia. Utamkuta mzee wa Kipentekoste, au mlei wa Kikatoliki aliyesoma kwa mapadri, anayemuuliza kijana maswali yatakayomtoa jasho: iweje kuwe na kitabu kingine baada ya Ufunuo? Na nabii wenu alikuwa na wake wangapi?

Swali la wake si la kudadisi tu. Kanisa lililoruhusu ndoa za wake wengi hadi tamko la mwaka 1890, na ambalo Joseph F. Smith mwenyewe aliliongoza akiwa na wake kadhaa, leo halimbatizi mume wa wake wawili. Mmisionari wa miaka 19 ndiye anayepelekwa kumweleza hivyo baba wa familia, na wake zake wakisikiliza jikoni. Halafu kuna wale walioishi pamoja miaka kumi, wana watoto wanne, na ndoa yao haijaandikwa popote, kwa kuwa mahari haijamalizwa au kwa kuwa hawakuona haja. Kanisa linataka ndoa iwe halali kisheria kabla ya ubatizo. Kenya ilipitisha Sheria ya Ndoa mwaka 2014 inayotaka hata ndoa za kimila zisajiliwe; Tanzania ina sheria yake ya 1971. Kwa hiyo vijana wawili ambao wenyewe hawaruhusiwi hata kumshika msichana mkono wanajikuta wakishinda kwenye baraza la ofisi ya serikali, wakimsaidia mtu kujaza fomu ya kumwoa mama wa watoto wake. Wajomba wanapigiwa simu. Ng'ombe waliobaki wanajadiliwa upya. Nimekuja kuamini kwamba, kwa familia nyingi, cheti hicho kina faida kubwa kuliko somo lolote walilofundishwa: siku baba akifariki, mama ana karatasi ya kuonyesha shemeji zake.

*

Sasa lazima nirudi kwa Joseph F. Smith, kwa sababu maisha yake yana jambo lingine ambalo msomaji Mwafrika ana haki ya kulijua.

Mwaka 1901 alikuwa Rais wa Kanisa zima, na alibaki hivyo hadi kifo chake Novemba 1918. Katika miaka hiyo alirudi Hawaii. Charles Nibley, askofu aliyesafiri naye, aliandika alichokiona bandarini Honolulu. Watu walikuja na maua na nyimbo. Katikati yao aliongozwa bibi kikongwe, kipofu, ameshika ndizi chache mkononi, akiita, Iosepa, Iosepa, yaani Joseph kwa Kihawaii. Rais alimkimbilia, akamkumbatia, akamwita mama. Kisha akamgeukia Nibley, machozi yakimtoka, akamweleza kwamba huyo ndiye aliyemuuguza alipokuwa mtoto mgonjwa asiye na mtu wa kumtunza. Alikuwa Ma Mahuhii. Nusu karne na zaidi ilikuwa imepita, na hakuwa amemsahau hata kwa sauti.

Mtu huyohuyo, mwaka 1908, alitoa kauli iliyowafungia mlango watu wengine.

Mwaka 1852 Brigham Young, Rais wa Kanisa wakati huo, alikuwa ametangaza kwamba wanaume weusi wenye asili ya Afrika hawapewi ukuhani. Lakini mwanzoni haikuwa hivyo. Elijah Abel, fundi seremala mweusi, alikuwa ametawazwa ukuhani mwaka 1836, akatumwa misheni New York na Kanada, na hata uzeeni, 1883, akatumwa tena Ohio na Kanada. Alirudi amedhoofika na kufariki Desemba 1884. Aliomba zaidi ya mara moja aruhusiwe ibada kamili za hekaluni, akakataliwa. Mwaka 1879 Joseph F. Smith ndiye aliyemtetea mbele ya viongozi wenzake, akisema ameziona hati za kutawazwa kwake kwa macho yake. Mwaka 1908, akiwa Rais, aligeuza maneno na kusema kwamba kutawazwa kule kulitenguliwa na Joseph Smith mwenyewe. Mlango ukakomewa kwa miaka 70 mingine.

Nimelitafakari sana jambo hili. Mvulana aliyeponywa na mikono ya mama wa kisiwani, aliyemwita mama mbele ya umati, alishindwa kuipeleka shukrani hiyo hadi kwa mzee Abel, ambaye alihubiri dini ileile barabarani miaka kumi na sita kabla yeye hajatia mguu Maui. Kumpenda aliyekutunza kulimjia kwa wepesi. Haki kwa usiyekuwa na deni naye ilidai kitu kingine, na hakuwa nacho, au alikuwa nacho 1879 akakipoteza.

Matokeo yake kwa bara letu yanahesabika. Wamormoni walianza misheni Afrika Kusini mwaka 1853, na kwa muda mrefu walihubiri hasa kwa wazungu. Ghana na Nigeria watu waliokipata Kitabu cha Mormoni kwa njia zao waliunda makanisa wenyewe, wakaandika barua Salt Lake City kuomba wamisionari, wakasubiri. Joseph William Billy Johnson wa Ghana alihubiri kuanzia 1964 bila kubatizwa na bila kutambuliwa na yeyote. Marufuku iliondolewa Juni 1978 na Rais Spencer W. Kimball. Novemba mwaka huo wamisionari walifika Nigeria, wakambatiza Anthony Obinna, na Desemba wakamfikia Johnson na watu wake. Kongo ilifuata 1986, Kenya ikalitambua Kanisa Februari 1991, Tanzania 1992. Kitabu cha Mormoni kizima kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 2000. Kinshasa ilipata hekalu 2019, Nairobi 2025. Mwaka 2013 Kanisa lilichapisha maelezo rasmi yanayokataa sababu zote zilizowahi kutolewa kuhalalisha ubaguzi ule. Hizi ni hatua za kweli, na Mwafrika anayevaa kibao kile leo, akigonga mlango Kisangani au Kampala, anastahili kuambiwa habari za Elijah Abel na kanisa lake mwenyewe kabla hajazisikia kwa mpinzani barabarani.

Na huyo ndiye mmisionari ambaye moyo wangu uko naye zaidi. Kijana wa Utah akirudi nyumbani baada ya miaka miwili, chuo kinamsubiri na gari la mzazi liko uani. Kijana wa Kakamega au Temeke akirudi, wenzake aliosoma nao wameshamaliza stashahada, au wameshika kibarua alichokuwa akitarajia yeye. Rais wa kigingi, yaani kiongozi wa matawi ya Kanisa katika eneo lake, anamwachilia rasmi, kibao kinatoka kifuani, na asubuhi yake hana ratiba, hana mwenza, hana hela. Ana Kiingereza kilichonyooka, anajua kusimama mbele za watu, anaweza kuishi na yeyote, na ofisi anazozunguka na bahasha yake hazina fomu ya kuyaandika hayo.

Gordon Hinckley, aliyekuwa Rais wa Kanisa, alilikiri tatizo hili hadharani Machi 2001 na kuanzisha mfuko wa mikopo ya masomo kwa vijana wa nchi maskini, hasa waliorudi kutoka misheni. Aliuiga mfuko wa mwaka 1849 uliowalipia nauli maskini wa Ulaya kwenda Utah kwa mkopo. Kijana hukopeshwa ada ya chuo au ya ufundi, anasoma karibu na kwao, na akipata kazi hurudisha kidogo kidogo ili mwingine akopeshwe. Ni mpango mzuri, na ningetaka uwe mkubwa mara kumi. Kanisa linalomwomba mtoto wa mkulima miezi 24 ya ujana wake, na kuipata bure, lina wajibu wa kumfuata hadi kwao baada ya mwezi wa 25.